Tumbo la Mama Chiriku

Maumivu yalikuwa na saa yake. Mama Chiriku alikuwa akimaliza chakula cha mchana saa saba na nusu, anafunika bakuli lake la plastiki, anarudi kwenye meza ya kupigia pasi, na kabla hajamaliza mashati mawili tumbo linaanza. Linaanzia kitovuni, linajisokota kama nguo inayokamuliwa, linapanda mpaka chini ya mbavu, kisha linamwacha ametota jasho, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Linatulia kidogo, halafu linarudi. Huu ulikuwa mwezi wa tatu.

Siku hiyo lilimkuta akinyoosha shati jeupe la mteja. Aliinama, akafumba macho, akasahau kwamba pasi imelala kifuani mwa shati. Mwenye duka ndiye aliyesikia harufu kwanza.

"Mama Chiriku, nguo inaungua."

Aliinyanyua pasi haraka. Alama ya kahawia ilikuwa imekaa palepale kwenye mfuko, na hata mtoto mdogo angeitambua kuwa ni pasi. Mwenye duka alilichukua shati, akalielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaligeuza huku na huku. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na ugonjwa wa kusema mambo ya watu mbele za watu, na kaunta wakati huo ilikuwa na wateja wanne.

"Kama una mimba useme, tujue tunavyojipanga."

"Sina mimba, bosi."

"Sasa ni nini? Kila siku ukishakula unakwenda chooni. Ufunguo wa choo haukai msumarini. Mwenzako akibanwa anauzunguka ukuta."

Msichana wa kaunta alicheka, kisha akajifanya anahesabu vibanio. Mama Chiriku alitazama chini. Angetaka kumwambia bosi kwamba huko chooni anakwenda bure, anakaa, anasukuma, anatoka kama alivyoingia, kwamba siku ya nne hii. Lakini maneno hayo mtu humwambia nani, na bosi wake ni mwanamume aliyemzidi miaka mitano tu?

"Shati tutalikata kwenye mshahara," alisema mwenye duka. "Kidogo kidogo, usiogope."

Hakuwa akiogopa shati. Mama yake mzazi alianza hivihivi, kwa kusema chakula kinamkaa vibaya, na mwaka haukuisha wakamzika. Mama Chiriku alikuwa amefikisha umri uleule. Hakumwambia mtu hesabu hiyo. Alikuwa akiipiga mwenyewe, kila saa saba na nusu.

Kwa mambo ya tumbo kila mtu ni daktari. Muuza dawa wa pembeni alisema ni vidonda, akampa vidonge vyeupe vya kutafuna. Jirani wa mlango wa pili, mshonaji, alisema ni minyoo, tena ile mirefu. Shangazi yake alisema ni gesi, aache maharage. Aliacha maharage. Kisha akaacha pilipili, akaacha maziwa, akaacha chai, akawa kila wiki ana chakula kipya cha kukiogopa. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alisema, "Wewe unakula mbiombio. Tafuna."

Fundi alisema hivyo kwa upendo, na kwa mdomo uliojaa. Alikuwa mtu wa umbo kubwa mwenye madoadoa ya moto mikononi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusubu sufuria. Yeye na wenzake watatu walikuwa na karakana nyuma ya gereji. Waliyeyusha alumini chakavu kwenye chungu kikubwa cha chuma, wakaichota kwa upawa mrefu, wakaimimina kwenye kalibu za mchanga. Mchana alikula hukohuko kazini, kwa mama ntilie. Jioni alirudi nyumbani na njaa ya pili.

Pale karakana walikuwa na desturi. Sufuria inayomiminwa mwisho, ile inayotoka chini kabisa ya chungu, haikuuzwa. Ilikuwa na rangi ya kijivu iliyokolea na haikung'aa vizuri hata ukiisugua, lakini ilikuwa nzito kuliko zote, na mafundi waliamini uzito ndio uimara. Basi waliipokezana kwa zamu, kila mmoja akaipeleka kwake. Mwanzoni mwa mwaka zamu ilimfikia Fundi. Aliibeba begani kama mtu aliyeshinda kombe.

"Ishike uone," alimwambia mkewe siku ile. "Hii hata wajukuu wa Chiriku wataipikia."

Chiriku alikuwa binti yao wa pekee, wa miaka saba, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kunyamaza. Naye mpishi wa sufuria hiyo alikuwa Bibi, mama yake Fundi, aliyekuwa akikaa nao. Mama Chiriku alikuwa akitoka kazini jioni, miguu imevimba, na Bibi alisema mwenyewe kwamba mke wa mwanawe hawezi kupiga pasi mchana kutwa kisha akapige na mwiko. Bibi alipika mchuzi wa nyanya nyingi, akaukamulia ndimu, kwa sababu Fundi aliupenda mchachu. Yeye mwenyewe hakuula. Alikuwa na presha, alikatazwa chumvi, na vyakula vyake viwili vitatu alivichemsha mapema katika kisufuria chake cha bati la maua, akala peke yake kabla wengine hawajarudi.

Mchuzi uliobaki ulilala ndani ya sufuria ile nzito mpaka asubuhi. Mama Chiriku aliuchota, akautia kwenye bakuli la plastiki, akaenda nao kazini. Chiriku akabaki akikwangua ukoko kwa kijiko, huku akisimulia ndoto zake.

Mshonaji ndiye aliyelipanda neno. Hakulipanda kwa ubaya. Alikuwa akipunguza kiuno cha sketi ya Mama Chiriku kwa mara ya pili mwezi huo, pini zikiwa mdomoni, na alizungumza kutokea pembeni mwa pini hizo.

"Umekonda, mwenzangu. Hii si minyoo."

"Wewe ndiye uliyesema ni minyoo."

"Nilisema kabla sijakufikiria." Alitoa pini moja, akaichomeka. "Hebu nikuulize. Anayepika anakula?"

"Anapika chake. Ana presha."

"Haya."

"Haya nini?"

"Mimi nimesema haya tu. Mtu kasema haya, kosa liko wapi?" Akageuza sketi. "Ila mwenyewe husemi kwamba ukila kwingine huumwi?"

Mama Chiriku alinyoosha mkono kuipokea sketi. Tangu aanze kuumwa hakuwahi kula kwingine, kwa hiyo hakujua. Aliondoka na sketi yake, akaapa njiani kwamba hatalifikiria neno lile, na akalifikiria mpaka mlangoni. Bibi alikuwa amechutama jikoni akikamua ndimu juu ya sufuria. Mama Chiriku alimtazama mkono. Ulikuwa mkono wa kizee, wenye mishipa iliyosimama, uliomshika Chiriku siku ya kwanza alipozaliwa.

"Karibu, mwanangu," alisema Bibi bila kugeuka. "Leo nimekupikia laini, usiumie."

Mama Chiriku aliogopa, akajionea aibu, lakini aibu haikuiondoa hofu.

Kuanzia siku hiyo akawa mlinzi. Aliingia jikoni bila kuitwa, akafunua makopo, akanusa chumvi. Alihesabu nani amekula nini. Bibi alimwona. Mzee hawi kipofu kwa sababu tu amenyamaza, na Bibi alianza kupika mlango ukiwa wazi, kila kiungo akikiweka mbele palipo na mwanga, kama mtu anayefanya mtihani. Nyumba ya vyumba viwili ikawa ndogo zaidi.

Ndipo shangazi yake Mama Chiriku akateguka mguu. Mama Chiriku aliomba ruhusa kazini bila malipo, akaenda kumwuguza siku tisa. Siku tatu za mwanzo tumbo lilimsokota kama kawaida. Siku ya nne likapungua. Siku ya saba alikula sahani nzima ya wali na maharage, yaleyale maharage aliyoambiwa ayaache, akakaa kizingitini akingoja. Saa moja ikapita. Shangazi yake alimkuta analia.

"Unaumwa?"

"Siumwi," alisema. "Ndiyo maana nalia."

Alikuwa amepata jibu, na hakuna jibu aliloliogopa kama hilo.

Alirudi siku ya kumi, Jumamosi. Alifika mchana, akamkuta Chiriku amejikunja kitandani, magoti yamegusa kidevu, kimya. Kimya cha mtoto yule kilimtisha kuliko kilio.

"Una nini?"

"Tumbo, mama. Linanivuta."

"Umekula nini?"

"Ukoko. Bibi amenipa wote."

Mama Chiriku aliingia jikoni, akaishika sufuria kwa mikono miwili, akamwaga mchuzi wote mferejini. Bibi alikuwa amesimama na mwiko. Fundi, ambaye Jumamosi hufanya kazi nusu siku, alikuwa akinawa uani, akaja na sabuni bado kwenye mikono.

"Kuna nini?"

"Mwulize mama yako anatulisha nini."

Fundi alitazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Kwa shangazi tumbo liliacha kuniuma," alisema Mama Chiriku. Sauti yake ilikuwa ndogo, na ilitetemeka kwa woga, si kwa hasira. "Nilikula kila kitu na sikuumwa. Na huku mtoto ameanza. Mimi nilivumilia, lakini mtoto hapana. Baba Chiriku, mimi sitaki kufa. Chagua, mimi na mwanangu twende, au mama aende."

Bibi alimtazama Fundi. Kisha akaichukua sufuria mferejini, akaiweka sakafuni, akakaa mbele yake. Mlikuwa bado na mchuzi uliogandia pembeni na chini. Akaukwangua kwa mwiko, akala. Akakwangua tena, akala. Chuma kililia dhidi ya mti, na Chiriku akatokea mlangoni ameshika tumbo kutazama.

"Mama, basi," alisema Fundi. "Umekatazwa chumvi."

Hayo ndiyo maneno yote aliyoyasema. Bibi aliyangoja mengine. Hata mtoto aliona anayangoja. Alikwangua mpaka sufuria ikawa safi, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, akainuka kwa kushika ukuta.

"Nipelekeni kwa binti yangu," alisema.

Na jioni ile akapelekwa. Begi lake lilikuwa dogo hata Fundi akaona haya kulibeba.

Mtaa ulijua kabla jua halijazama. Mshonaji alimshika Mama Chiriku mkono, akasema, "Umeokoa roho yako," na kwa siku tano ilionekana kweli. Mama Chiriku aliamka alfajiri kupika mwenyewe. Alinunua chumvi mpya, viungo vipya, mafuta mapya. Aliyatupa makopo ya zamani, hata yaliyojaa. Aliisugua sufuria nzito kwa mchanga na majivu mpaka vidole vikachubuka, ili asibakishe hata alama ya mkono wa mwingine, kisha akaipikia, kwa sababu ndiyo iliyokuwa sufuria bora ya nyumba. Na kwa kuwa Fundi alikuwa amenyong'onyea, hali vizuri, alimpikia anachopenda: nyanya nyingi, ndimu nyingi.

Siku ya sita, saa nane mchana, alianguka kwenye sakafu ya duka la dobi.

Alipopata fahamu zake kidogo aliona miguu ya wateja. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Alijaribu kufikiria nani sasa, nani tena, maana chumvi aliinunua mwenyewe, maji aliyateka mwenyewe, mlango aliufunga mwenyewe. Hapakuwa na mtu. Na hapo ndipo alipoogopa kwa kweli. Alipokuwa na mtu wa kumlaumu, angalau angeweza kumhamisha.

"Niitieni mume wangu," alimwambia bosi. "Mwambieni ni kama mama yangu."

Bosi hakuelewa, lakini alifunga kaunta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamtafuta Fundi kwa simu.

Kituo cha afya kilikuwa na benchi moja refu na watu wa mabenchi matatu. Fundi aliingia akiwa na nguo za kazi, unga wa mchanga mweusi kwenye nyusi, Chiriku mkononi kutoka shule. Walingoja saa mbili. Mama mmoja alijisogeza ili Mama Chiriku alale kichwa mapajani mwake, asimwulize hata jina.

Tabibu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Aliuliza yaliyoulizwa na wote, akabonyeza tumbo, akataka kuandika. Kisha akasema, "Fungua mdomo," akamulika kurunzi, na hakuiondoa.

"Inua mdomo wa juu. Hivyo." Alisogea karibu. Penye mzizi wa meno, kwenye ufizi, palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya samawati iliyofifia, kama mtu amepitisha kalamu. "Huu una muda gani?"

"Sijauona."

"Mdomoni unasikia ladha gani?"

Mama Chiriku alimtazama. Hakuna aliyewahi kumwuliza hilo. "Kama nimelamba sarafu," alisema.

"Choo?"

Alimtazama mumewe, akatazama ukuta. "Siku nne. Tano."

"Mimi pia," alisema Fundi ghafla, na masikio yakamwiva. "Sikusema tu."

Tabibu aliweka kalamu chini. "Mnafanya kazi gani?"

"Mimi napiga pasi."

"Mimi nasubu sufuria," alisema Fundi, na hata pale, katikati ya hofu, kulikuwa na fahari kidogo katika sauti.

"Mnayeyusha nini?"

"Alumini. Vipande vya injini, fremu za madirisha, makopo. Kinachopatikana."

"Betri za magari?"

Fundi alijifuta mchanga kwenye nyusi. Tabibu alingoja, alionekana mtu aliyezoea kungoja.

"Mwanzoni mwa mwaka vyuma viliadimika," alisema Fundi. "Muuza vyuma alileta gunia lililochanganyika. Zilikuwamo sahani za betri. Tukasema kwenye moto vyote ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja. Betri ina risasi, yale madini mazito ya kijivu. Ni sumu. Ukiyatia kwenye sufuria, kisha ukapika kitu chenye uchachu, nyanya, ndimu, yanatoka kidogo kidogo yanaingia kwenye mchuzi. Mchuzi ukilala humo ndiyo zaidi. Nyumbani mnapikia sufuria ya myeyusho huo?"

"Ya mwisho," alisema Fundi.

"Ya mwisho ndiyo ipi?"

"Ile inayotoka chini kabisa ya chungu. Hatuiuzi. Tunaichukua nyumbani kwa sababu ndiyo..." Alisimama hapo. Miaka ishirini alikuwa amesimama juu ya chungu kile, akakoroga, akachota, na alijua kuliko tabibu yeyote kitu kizito huenda wapi ndani ya kitu kilichoyeyuka. Tabibu hakuhitaji kumweleza. "Kizito kinakaa chini," alisema polepole, na uso wake ukapoteza rangi chini ya vumbi la mchanga. "Yote itakuwa imekaa chini."

"Nani anakula kilicholala?"

"Mimi," alisema Mama Chiriku.

"Na ukoko ni mimi," alisema Chiriku, akifurahi kuulizwa.

Tabibu aliandika barua mbili, moja ya hospitali kubwa kwa ajili ya damu ya wote watatu, nyingine ya karakana. Alisema dawa ya kuitoa sumu ipo huko, ina gharama, lakini ipo. Sufuria isiguswe tena, wala asipewe mtu, wala asiuziwe mtu. Na mtoto atangulie kupimwa, maana watoto huathirika upesi kuliko wakubwa.

"Nitakufa?" aliuliza Mama Chiriku.

"Umewahi. Ungekaa miezi mingine sita, ningekujibu vingine."

Alilia hapo, kwanza kwa furaha, kwa sababu si ugonjwa wa mama yake. Kisha akamshika mumewe mkono wa shati.

"Mama," alisema. "Baba Chiriku, mama. Tumemfanya nini mama?"

Alisema tumemfanya. Fundi alilisikia neno hilo, na halikumpunguzia chochote.

Bibi alikuwa amekaa nyuma ya nyumba ya binti yake, akichambua mchele kwenye ungo, Fundi alipofika. Hakumtazama. Fundi alibaki amesimama, kwa sababu hakukaribishwa kiti, akaeleza yote: mstari wa ufizi, gunia la muuza vyuma, chungu, sufuria ya mwisho. Alisema dawa zimeanza. Alisema kosa ni lake, si la mtu mwingine. Bibi aliendelea kutoa chenga moja moja.

"Mtoto?"

"Damu yake ina sumu, lakini kidogo kuliko ya mama yake. Wanasema itatoka."

"Nilikuwa nampa ukoko wote," alisema Bibi. Ungo ulitulia. "Nilikuwa namtunzia. Nilikuwa nawakataza ninyi msiuguse."

"Hukujua, Mama."

"Na wewe hukujua. Na yeye hakujua. Sote hatukujua." Akainua macho. "Lakini mke wako ni mtoto wa watu, alikuwa anaumwa, na mgonjwa huwaza mengi. Yeye sina neno naye. Wewe nilikuzaa. Siku ile ulikuwa umesimama pale na mapovu mikononi, nikakutazama. Uliamini?"

Fundi alitaka kusema hapana. Alikuwa amekuja na hapana hiyo mdomoni tangu nyumbani.

"Niliogopa," alisema. "Sikujua niamini nini."

Bibi alirudi kwenye mchele wake. Alichambua mpaka ungo ukaisha, naye Fundi akasimama mpaka ungo ukaisha.

"Nitakuja kumwangalia mtoto wakati mama yake yuko hospitali," alisema hatimaye. "Lakini jikoni kwenu siingii. Msinitie mwiko mkononi."

Kuzirudisha sufuria nyingine za gunia lile, zilizokwisha kuuzwa, ilikuwa kazi ya peke yake. Wenzake karakana walisoma barua ya tabibu, wakasema watu wamepikia miaka na miaka, nani amekufa. Mmoja wao tu ndiye aliyefunga mdomo, akaenda nyumbani kwake kuangalia ya zamu yake. Fundi alizunguka mwenyewe kwenye maduka na majumba, akiomba zirudishwe zile za mwanzo wa mwaka. Wengine walirudisha. Wengine walidhani ni ujanja wa kuwauzia mpya. Mama mmoja alimfukuza, akamwambia sufuria yake ni nzuri, nzito, na hampi mtu. Fundi alikaa kwenye ngazi za nyumba ile, akatapika.

Mama Chiriku alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Suruali za mumewe zilikuwa zimefuliwa vibaya, Chiriku amesukwa vizuri, na Bibi alikuwa amekaa chumbani na begi lake dogo limeshafungwa, tayari kuondoka kwa kuwa mwenye nyumba amerudi.

Mama Chiriku alipiga magoti mbele yake. Alisema aliyotaka kusema wiki zote tatu, na hakuyapamba. Bibi alimshika kichwa.

"Nimekusamehe, mwanangu. Inuka, hujapona." Alisema upesi, kwa adabu, kama mtu anavyomwambia mgeni asijali kikombe kilichovunjika.

"Usiende leo, Mama. Ule kwanza. Nikupikie mimi."

Alipika kwa sufuria ya bati la rangi waliyoinunua njiani, wali na mboga, bila chumvi kwa wote, bila ndimu. Ilimchukua muda kwa sababu mikono ilikuwa haijapata nguvu. Akapakua, akaweka sahani ya Bibi mbele ya Bibi, ya Fundi, ya mtoto, yake. Wakanawa. Fundi alisema karibuni.

Bibi alishika kijiko, akakiweka. Akakishika tena.

"Anza wewe, mwanangu," alimwambia Mama Chiriku.

"Mama," alisema Fundi.

"Si kwa kumkomoa," alisema Bibi, na macho yalimjaa. "Wallahi si kwa kumkomoa. Naogopa tu. Tangu siku ile kila nikiona sahani naogopa, hata ya binti yangu. Nifanye nini?"

Chiriku alifungua mdomo kusema kitu, kisha, kwa mara ya pili katika maisha yake, akanyamaza.

Mama Chiriku hakula kwenye sahani yake. Aliivuta ya mama mkwe, akala kijiko kimoja, akala cha pili, akala cha tatu, kila kimoja kutoka upande tofauti. Akameza. Akairudisha sahani mahali pake, akaweka mikono mapajani.

Wakakaa hivyo, wote wanne, wakingoja. Wali ulikuwa umeshapoa Bibi alipoanza kula.